Pazia la Shemeji Mariamu

Jinja, Uganda
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Idi,

Salamu nyingi zikufikie hapo dukani, wewe na Shemeji Mariamu na watoto. Goti lako linaendeleaje? Uliniandikia kwamba kila mvua ikikaribia linakwambia mapema kuliko mawingu, na kwa mvua za Kisii nadhani halinyamazi hata siku moja. Mimi mwili ni mzima. Kinu cha kuchambulia pamba kinanguruma kutwa, na kazi yangu ni ileile ya kutia mafuta kwenye mashine, kwa hiyo nguo zangu Mama akiziona atasema nimekwenda Uganda kuchoma makaa. Chakula kipo. Hapa ni ndizi asubuhi na ndizi jioni. Ugali wa wimbi naula ndotoni.

Ukisoma mistari hii mwanao Hawa atakuwa amekwisha kufika, pengine amesimama hapo mlangoni na sanduku lake halijafunguliwa. Aliyemleta ni Mama Zainabu, ambaye nitakueleza habari zake. Nakuomba usimwulize mtoto neno lolote kwanza. Mpe maji, mwache aende kwa mama yake, halafu kaa kwenye kiti chako usome barua hii mpaka mwisho. Hawa hana kosa. Shule haikumfukuza, na mwalimu wake mkuu alilia alipomuaga. Serikali ya huku imekataa kumpa ruhusa ya kusoma, na sababu ni mimi.

Unakumbuka tulivyoianza shughuli hii. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba huku Jinja kuna shule ya wasichana inayofundisha mbali, mpaka pale ambapo hospitali inaweza kumchukua msichana kumfundisha ukunga. Hawa alikuwa na hamu hiyo tangu siku ile Shemeji alipojifungua mapacha na yeye akashika taa. Kwetu alikuwa amefika mwisho wa madarasa aliyoweza kupata. Wewe ulisita, ukasema Uganda ni mbali, nami nikakujibu kwa maneno makubwa kwamba mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Barua hiyo ninaikumbuka vizuri, nikitamani basi la posta lingepotea njiani.

Halafu zikaja zile taabu za ruhusa. Mtoto wa kigeni haingii shule ya huku hivi hivi. Ikatakiwa barua ya chifu kwamba ana wazazi na wamekubali, ikatakiwa barua ya shule kwamba ana nafasi, ikatakiwa hati ya chanjo ya ndui, ikatakiwa picha, ile aliyopigwa na Mhindi wa pale mjini akatoka ametoa macho kama ameona chui. Na juu ya yote ikatakiwa ahadi ya mlezi, kwamba mtoto atakaa naye na hatatumikishwa. Nikatia sahihi kwa moyo mweupe. Ruhusa ya kwanza ilikuwa ya muhula mmoja tu. Walisema watakuja kuangalia mtoto anaishije, wakiridhika ndipo watampa ile ndefu ya kumfikisha mwisho wa masomo.

Hawa alicheka sana aliposikia anaitwa mgeni. Aliniambia kwamba pale Busia mvua iliwanyeshea pande zote mbili za mpaka, sasa ugeni unaanzia wapi? Huyo ndiye mwanao, maneno yamemjaa.

Lakini siku ile nilipokwenda kumpokea kwenye basi, Kaka, nilishtuka. Mimi nilikuwa nangoja mtoto niliyemwacha ana mapengo. Akashuka msichana mrefu, ametulia, amejitanda kanga kwa heshima, binti aliyekwisha kuvunja ungo. Nikabeba sanduku lake nikitembea mbele, na njia nzima nawaza jambo moja tu. Mimi nina chumba kimoja katika laini za wafanyakazi, zile nyumba za safu. Kitanda, jiko, dirisha moja, basi. Binti huyu atalala wapi?

Wewe umetoka kijijini kwetu Ikonge zamani, ukasilimu, umeishi mjini miaka mingi kati ya Waswahili na Wanubi, pengine mambo haya yamekutoka. Mimi hayajanitoka. Unajua chinsoni zetu, ile haya inayomkalisha mzazi mbali na mtoto aliyekua. Unakumbuka dada yetu Nyaboke alipofika umri ule, Mama alimchukulia ngozi yake ya kulalia akampeleka kulala nyumbani kwa bibi, na tangu hapo Baba hakupita karibu na mlango ule bila kukohoa toka kwenye migomba. Hakuna aliyetufundisha kwa mdomo. Tuliona tu, ikaingia katika damu. Na mimi kwa Hawa si mjomba wa kutaniana naye. Mimi ni ndugu wa baba yake, kwa hiyo ni baba yake. Baba gani wa Kigusii analala chumba kimoja na binti yake?

Basi alasiri hiyohiyo nikampeleka kwa Mama Zainabu. Huyu ni mjane wa Kinubi, anakaanga mandazi karibu na msikiti, na kwao ni hapo Kisii mjini. Anasema duka lako analijua tangu lilipokuwa la mabati matupu. Nikaona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja: binti yetu yuko kwa mwanamke mwenye heshima, na yuko kwa Waislamu wenzake, hatakosa sala zake kwa sababu ya baba mdogo wa kanisani. Mama Zainabu alimpokea kwa mikono miwili. Nilijiona nina akili, hata nikapiga mluzi nilipokuwa narudi.

Kabla hatujatoka chumbani kwangu, Hawa alifungua sanduku akatoa kitambaa cha maua mekundu, kimeshonwa pindo, juu kina vitanzi vya kupitishia kamba. Akasema, mama amesema hii ni ya chumba. Nikashukuru. Nikaona ni pazia, nikalichukua nikalitundika dirishani, lakini lilikuwa refu mno, ikabidi nilikunje mara nyingi, nikasema Shemeji hayajui madirisha ya Jinja. Hawa alisimama akinitazama ninavyofunga kamba. Mimi nikadhani amechoka na safari.

Shule ilimpenda na yeye akaipenda. Hesabu zilikuwa mchezo kwake, na Kiganda alikidaka upesi hata akawa ananicheka mimi niliyekaa huku miaka na bado naagiza ndizi kwa kidole. Kila jioni nikitoka kazini nilipita kwa Mama Zainabu. Nakohoa kwenye uzio, nasimama uani, namuuliza, umesoma? Anajibu, nimesoma, Baba Mdogo. Umekula? Nimekula. Naacha sukari au kuni, naondoka. Watoto wa mtaa wakaniita Mzee Kikohozi. Hawa mwenyewe akamwambia Mama Zainabu kwamba baba yake mdogo ana ugonjwa wa kifua, wakanichemshia tangawizi, nami nikainywa nikiona haya kuwaeleza.

Mkaguzi wa ruhusa alikuja asubuhi moja nikiwa kiwandani. Akagonga chumbani kwangu, majirani wakamwambia kwamba hapa anaishi mwanamume peke yake, msichana hatujamwona akilala. Wakamwelekeza kwa Mama Zainabu. Akamkuta Hawa karibu na karai la mafuta, amekunja mikono, unga mpaka kwenye viwiko, anamsaidia bibi yule kabla ya kwenda shule. Wewe na mimi tunajua mtoto aliyelelewa hawezi kukaa akitazama mtu mzima anafanya kazi. Mkaguzi hakuona malezi. Aliona mtoto wa kigeni anakaanga mandazi ya biashara katika nyumba ya mtu asiye ndugu yake.

Tukaitwa ofisini, mimi na Hawa. Alikuwepo Mzungu mwenye kutoa ruhusa na karani wa Kiafrika wa kumfasiria. Karani akasema kwamba wako watu wanaovusha watoto mpakani kwa jina la shule, kumbe wanawapeleka kuwa watumishi, na Bwana anataka kujua kama mimi ni mmoja wao. Nikasema la. Akauliza, kama si hivyo, mbona mtoto hakai kwako kama ulivyoahidi?

Nikafungua kinywa. Hawa alikuwa kando yangu, amevaa sare yake, mikono nyuma. Kaka, niseme nini? Nizungumze habari za mahali pa kulala mbele ya binti yetu na wanaume wawili wageni? Haya ileile iliyonifanya nimpeleke kwa Mama Zainabu ndiyo iliyonifunga ulimi. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema tu kwamba ni desturi ya kwetu. Karani akauliza desturi gani. Angalau ningeomba mtoto atoke nje kidogo, lakini hata hilo halikunijia. Nilisimama tu kama gogo, na Mzungu akanitazama kama mtu aliyekwisha kupata jibu.

Ndipo karani akamgeukia Hawa. "Wewe msichana, sema kweli. Kwa nini hukai kwa baba yako mdogo?"

Hawa alinitazama kidogo, akainamisha macho.

"Hanitaki kwake," akasema. "Mama alishona pazia, nilale upande mmoja. Yeye akalitia dirishani."

Kaka, nimewahi kukatwa kidole na mkanda wa mashine, wewe unalijua kovu. Siku hiyo sikulia. Katika ofisi ile machozi yalinitoka mbele ya watu, nami sikuyafuta. Muhula mzima mtoto huyu alikuwa anaamka, anasoma, ananiitikia uani kwa adabu, na moyoni anajua kwamba baba yake mdogo amemwita Uganda kisha akamkataa mlangoni. Amezaliwa mjini, amekulia nyumba ya vyumba na mapazia, nani angemwambia habari za chinsoni? Wewe hukumwambia, na mimi nilidhani anazo kwa kuzaliwa, kama rangi ya ngozi.

Mzungu hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kutia muhuri kwa mlezi asiyemlea mtoto, na kwamba Hawa amalize muhula arudi kwa wazazi wake. Tulipotoka nje karani alinifuata hadi kwenye ngazi. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nusu ya watu wa laini wanaishi na watoto wa ndugu zao kwa pazia, na kamba moja ingetosha. Wao wangeangalia, wakatia muhuri, wakaenda zao. Heri asingeniambia.

Mwalimu mkuu alikwenda ofisini mwenyewe kuomba, akarudi mikono mitupu. Nami nilirudi mara nyingine, pazia nimelishika mkononi kama ushahidi, nikaeleza yote bila kubakiza haya. Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ananiamini, lakini neno lililokwisha kuandikwa na Bwana yeye hawezi kulifuta. Tunaweza kuanza upya toka Kisii, barua ya chifu na zote, lakini nafasi ya Hawa atapewa mwingine, na mwakani atakuwa amepita umri wa darasa lile. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi hata mke sijaoa, na mjukuu huyo amekwisha kunifikia.

Siku ile ya ofisini tulirudi kwa miguu, mimi mbele yeye nyuma kama kawaida yangu. Tulipofika penye miembe ya reli nikasimama, nikamngoja afike, nikamwambia huku natazama barabara. Nikamweleza habari za Nyaboke na nyumba ya bibi, na za Baba na kikohozi chake. Nikamwambia kwamba kwetu baba anayemheshimu binti yake hukaa mbali naye, na kadiri anavyompenda ndivyo anavyosimama mbali. Hawa alisikiliza yote. Akafikiri, kama unavyojua anavyofikiri, anauma ncha ya kanga.

"Basi mtu atajuaje kwamba anapendwa?" akaniuliza.

Jibu nimejaribu kuliandika hapa nikalikata mara kadhaa. Pengine wewe uliyeishi pande zote mbili unaweza kumjibu.

Sikuandiki haya ili nikulaumu, ingawa neno moja katika barua yako lingetosha, kwamba Makori, hicho kitambaa ni cha kukata chumba. Najua ulidhani ni mambo ya wanawake. Shemeji naye alidhani nimeelewa, maana nani asiyejua pazia? Na mimi nilidhani kila mwenye damu ya Ikonge analala kama watu wa Ikonge. Kila mmoja wetu alimtakia mtoto heshima, na heshima hizo zote zimempeleka nyumbani bila shule.

Sasa nina ombi, nalo ndilo lililonifanya nikae chini niandike badala ya kungoja likizo. Nasikia yule mfanyabiashara wa Suneka bado anapitapita dukani, ananunua kiberiti kimoja na kukaa nusu siku. Akimwona Hawa amerudi atadhani mlango umefunguka. Watu nao watasema msichana amekwenda Uganda akashindwa, heri aolewe. Hakushindwa, Kaka. Nakuomba kwa jina la baba yetu, usimwoze. Uliza Nyamira kwa wamisheni, uliza Kisumu, uliza hata hospitali ya hapo Kisii kama wanaweza kumpa kazi ndogo karibu na wakunga huku tukitafuta. Chochote kitakachotakiwa, mimi nitasaidia, na safari hii nitakuja kusema mwenyewe. Nikitakiwa kusema mbele ya chifu na kanisa na msikiti kwamba kosa ni langu, nitasema, hata binti akiwa amesimama hapo.

Nisalimie mapacha, uwaambie dada yao amewaletea maneno ya Kiganda ya kutukania, ya adabu lakini. Mwalimu aliyemfundisha Hawa darasa la nne mpe shukrani zangu, sikuweza kumwandikia. Mama Zainabu atakaa kwa dada yake hapo mjini mpaka mwezi uandame. Mkaribishe, amemlea mwanao kuliko mimi niliyetia sahihi. Ukienda Ikonge, mwambie Mama kwamba Makori mzima, na kwamba hajasahau mafundisho yake hata kidogo. Yaliyotokana na mafundisho hayo usimwambie.

Na Shemeji Mariamu mwambie hivi. Nililitoa pazia lake dirishani, nikalifungua mikunjo yote, nikalitundika katikati ya chumba. Limetoka ukuta hadi ukuta bila kupungua wala kuzidi. Nadhani ulimsomea ile barua yangu ya kukueleza ukubwa wa chumba, naye akapima kwa masikio. Upande wa dirisha nimeweka kitanda, kimetandikwa, na upande wa mlango nalala mimi juu ya mkeka. Jioni nikitoka kazini nakohoa kwanza, ndipo naingia.

Mdogo wako,
Makori